Mafuta ya zamani, bei mpya

KILA mwezi, Jumatano ya kwanza, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Sisi wa mjini husoma mstari wa Dar es Salaam, tukaguna, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Lakini orodha ile ni ndefu, inafika mpaka Sumbawanga, na kadiri mji ulivyo mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ndivyo bei inavyopanda. Hilo halina ugomvi. Mafuta yaliyosafiri zaidi ya kilomita elfu moja hayawezi kuuzwa kwa bei ya Kurasini.

Sasa tushuke kutoka Sumbawanga hadi Ilemba, kule bondeni mwa Ziwa Rukwa. Wenzetu wa Ulaya hufuatilia bei ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Ufipa ya juu ina baridi kali Juni na Julai, lakini watu huota moto wa kuni na mkaa, na huko bondeni tatizo ni jua. Mafuta yanatakiwa kwa pikipiki, kwa mashine ya kusaga, na kwa taa ya yule ambaye umeme na sola havijamfikia. Kituo cha mafuta kinatakiwa kisheria kuweka bango la bei linaloonekana. Muuzaji wa dumu na chupa kijijini hana bango. Bei iko mdomoni mwake.

Hapa ndipo lilipo swali. Mtu amenunua madumu yake wiki iliyopita kwa bei ya zamani. Jumanne usiku anasikia redioni kwamba kesho mafuta yanapanda. Je, ni halali kwake kupandisha bei asubuhi?

Wako watakaojibu haraka kwamba Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei pale Madina alikataa, akasema Mpangaji wa bei ni Allah (s.w.), naye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala mali. Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Anas (r.a.). Lakini tuitazame sababu yake: kuogopa kudhulumu. Ndiyo maana Ibn Taymiyya, katika risala yake juu ya hisba, akaeleza kwamba wafanyabiashara wanapozuia bidhaa watu wanayoihitaji mpaka wapewe zaidi ya bei inayojulikana, kiongozi anaweza kuwalazimisha kuuza kwa bei ya mfano wake. Mtume yule yule aliyekataa kupanga bei ndiye aliyekataza kuhodhi, na ndiye aliyekataza kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei.

Kwa maoni yangu, kupandisha tu si haramu. Muuzaji atakwenda kununua tena kwa bei mpya, na mtaji wake ni mdogo. Kufungia madumu ndani na kusema yamekwisha, hiyo ni ihtikari, wala haihitaji mjadala.

Linalonikera ni jingine. Mwezi bei inaposhuka, muuzaji yule yule anasema, "Haya ni mafuta ya zamani, bado sijauza." Ilipopanda, uzamani wa mafuta haukutajwa. Jambo hili haliko kijijini peke yake: Agosti 2011 bei zilipotangazwa kushuka, vituo vingi nchini viliacha kuuza, na magari yakapanga foleni, mpaka serikali ikaingilia kati. Isomwe Suratul Mutaffifin kwa jicho hilo. Wanaolaumiwa pale ni wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili, na wakitoa hupunguza. Tumezoea kuifasiri kwa pishi na kilo, lakini bei inayopanda siku hiyo hiyo na kushuka baada ya mwezi ni kipimo cha aina hiyo hiyo.

Atasema, "Nikishusha nitakula hasara." Ni kweli, atakula. Lakini fiqhi inafundisha kwamba faida hufuatana na dhamana. Aliyekula faida ya mzigo wa zamani bei ilipopanda, na hasara yake ni ya kwake. Achague kanuni moja: auze kwa bei aliyonunulia nyakati zote, au afuate bei ya siku nyakati zote.

Mteja naye asibaki gizani. Bei kikomo ya Sumbawanga hupatikana kwa simu ya kawaida, *152*00#, bila intaneti. Msomaji mwenye mjomba huko bondeni anaweza kumsomea kila mwezi. Mjomba ataongeza nauli ya dumu kutoka mjini, kisha ataona mwenyewe kilichobaki juu yake ni kiasi gani, na atamuuliza muuzaji ni cha nini.