Juu ya Neno "Ikiwa"

Lugha yetu ina maneno madogo yabebayo mizigo mikubwa. Mojawapo ni "ikiwa", pamoja na ndugu zake "kama", -ki-, -nge- na -ngali-. Kwa hayo twafanya biashara, twaonya watoto, tena twahukumu watu. Kwa ajili ya kazi hiyo ya mwisho twaona yafaa kuyachungulia.

Mgeni apandaye kutoka Moshi kwenda Marangu hukuta migomba imesimama katika udongo wenye maji. Asema moyoni: "Mvua ikinyesha, udongo hulowa. Udongo umelowa. Basi mvua imenyesha." Mwenyeji atacheka, maana ajua habari ya mfongo: maji yametolewa katika mto huko juu, yakaletwa kwa mfereji hata shambani, kwa zamu. Angalieni, neno la kwanza la mgeni ni kweli, la pili ni kweli, walakini la tatu halitoki humo. Mvua hulowesha, lakini si mvua peke yake iloweshayo. Lau angaliona udongo mkavu, akasema, "Basi mvua haikunyesha," asingalikosa. Wayunani wa shule ya Wastoa, na hasa Chrysippus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walizipanga njia hizi za kusema, wakitumia mfano wa mchana na nuru. Sisi twaona mfongo watufaa zaidi.

Liko kosa la namna nyingine, nalo limeandikwa katika habari za mlima wetu wenyewe. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kibo, akatambua ya kuwa ni theluji. Mwongozi wake aliuita "baridi" tu. Habari ilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London aliikataa kwa nguvu. Hoja ya wakanaji yaweza kuwekwa hivi: "Nchi ikiwa karibu na ikweta, haina theluji. Mlima huu u karibu na ikweta. Basi hauna theluji." Umbo la hoja hii ni zima kabisa. Kasoro i katika neno la kwanza, kwa kuwa joto hupungua kadiri mtu apandavyo, yapata digrii 6 kwa kila mita 1,000, na Kibo ina mita 5,895. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia. Rebmann alikuwa amesema kweli, na mtu mwenye elimu, aliyekaa mbali, alimfanya kama mtu asiyejua aonalo.

Sasa tuingie barazani. Fedha zimepotea, na kijana mmoja ameitwa. Mzee asema, "Mwivi akiulizwa hutetemeka, huyu anatetemeka, basi ameiba." Huo ni udongo uliolowa. Maskini hutetemeka mbele ya wakubwa, mgonjwa wa homa hutetemeka, na yatima asiye na wa kumsemea pia. Mzee wa pili, aliye mwerevu zaidi, asema, "Kama asingalikuwa na hatia, asingalikimbia." Huyu twamwogopa kuliko yule wa kwanza, kwa kuwa umbo la maneno yake ni zima, na watu husikia uzima huo wakaitikia kwa vichwa. Lakini nani alimwambia ya kuwa asiye na hatia hakimbii? Tumeona wengi wakikimbia kwa kuhofia kipigo tu.

Na hiyo -ngali- ina hila yake. Husema juu ya jambo lisilotukia, wala hatuwezi kwenda kulitazama kama mtu aendavyo kutazama mfongo. Kwa hiyo yampasa asemaye aonyeshe neno alilolijengea, nalo lipimwe peke yake kabla ya kijana kuulizwa tena.

Iko hoja moja tungependa isikiwe mapema zaidi katika mabaraza yetu: "Ikiwa aliiba usiku ule, alikuwa kijijini. Watu watatu walilala naye Moshi usiku ule. Basi hakuiba." Mara nyingi mashahidi hao watatu huitwa mwisho, baada ya kijana kwisha kupigwa.