Lita 40

Wilaya hii sitaitaja. Wenye nayo wataijua, na wasio nayo huenda wakaiona kwao. Iko milimani. Lami inaishia stendi ya mabasi, na kutoka hapo hadi kijiji cha mwisho ni mwendo wa saa mbili wakati wa kiangazi. Masika usiulize.

Mganga mkuu wa wilaya wa enzi hizo alikuwa mtu wa hesabu ndogondogo. Alipoandaa mpango wa afya wa halmashauri alichomeka humo mstari mmoja ambao haukumshangaza mtu, kwa kuwa hakuna aliyeusoma: tiba shufaa, mafuta ya pikipiki, lita 40 kwa mwezi, fedha kutoka mapato ya ndani. Lita hizo zilikuwa za muuguzi mmoja wa kuwatuliza maumivu majumbani wagonjwa wasioponeka. Sote tulimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa na alikuwa na watoto wanne.

Sista alikuwa ametoka Kampala, kwenye hospisi aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Alirudi na daftari nene na chupa tatu tupu za maji ya kunywa, akazipanga dirishani. Mgeni akiziulizia alikuwa amekwisha. Kule, angesema, mofini si sindano ya kungoja wakubwa. Inakuja unga, inachanganywa na maji, inatiwa rangi, inafungwa kwenye chupa kama hizi. Ya kijani ni hafifu. Ya waridi ina nguvu mara kumi yake, ya buluu mara ishirini, na bibi asiyejua kusoma hakosei rangi. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia anapewa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Serikali yao ndiyo inayolipa. Mgonjwa hadaiwi kitu. Tena tangu 2004 sheria ya Uganda inamruhusu muuguzi aliyesomea kazi hiyo kuiandika dawa mwenyewe. Hapo Sista alikuwa akishusha pumzi, maana wilayani kwetu sahihi ilikuwa ya daktari mmoja tu, naye alikuwa na semina nyingi.

Watu wakisikia hospisi hudhani ni jengo la kwenda kufia. Labda London, ambako Cicely Saunders alifungua ya kwake mwaka 1967 ikiwa na vitanda. Hospisi yetu ilikuwa mwanamke juu ya pikipiki, begi mgongoni, na simu ambayo namba yake ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani katika nyumba nyingi kuliko namba ya polisi.

Kisha wafadhili wakaja, na nisieleweke vibaya: walikuja na heri. Zilikuwa fedha za Wamarekani za kupambana na ukimwi, zile zilizotangazwa mwaka 2003 na kuokoa watu wasiohesabika katika bara hili. Kwetu zilileta gari jeupe, dereva, posho za wahudumu wa vijijini, mizani, hata miavuli. Hati za mradi zilitaja wagonjwa wa ukimwi, ila Sista hakuwa mtu wa kupita mlango wa mwenye saratani akijifanya haoni. Basi saratani ikawa inapanda gari la ukimwi kwa lifti. Miaka ilivyosonga, wenye virusi wakapata dawa wakanenepa wakarudi mashambani, na waliobaki kitandani wengi wakawa abiria wa lifti. Hakuna aliyebadilisha hati.

Siku ya kukabidhiwa gari palikuwa na turubai, ngoma na hotuba. Wiki mbili baadaye ilikaa kamati ya fedha. Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari, kwa hiyo haya siyasemi kwa kusimuliwa. Ofisa mipango alifika kwenye ule mstari wa lita 40 akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka ghalani, kwamba hapa tunarudufu: mfadhili anatoa mafuta na sisi tunatoa mafuta. Mganga mkuu akajibu kwamba lita 40 si kitu, ziachwe tu zishike nafasi. Mwenyekiti akacheka. Nafasi ya nini, Daktari, wakati gari lipo nje? Mstari ukakatwa, fedha zikaenda kwenye plasta ya ukumbi. Hakuna aliyekula hata senti. Ningekuwa na kura, ningenyoosha mkono na wengine.

Kasma ikifutwa haiachi kovu. Mwaka uliofuata ofisa mipango alifungua faili la mwaka uliopita akanakili mistari iliyomo, kama wafanyavyo maofisa mipango kote duniani, na tiba shufaa haikuwamo. Mganga mkuu akahamishwa. Aliyekuja baada yake alikuta gari linakwenda na akaamini, kwa haki kabisa, kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani.

Januari 20, 2025, huko Washington, rais aliyeapishwa siku ileile alitia sahihi amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha, dereva alipigiwa simu akiwa njiani akaambiwa arudishe gari. Aliligeuza penye kona, mahali ambapo kwa kawaida halina pa kugeuzia. Sista, ambaye mshahara wake ulikuwa wa serikali, alipangiwa wodi ya wazazi. Simu alibaki nayo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza chapati stendi. Alikutwa na saratani ya shingo ya kizazi ikiwa imekwisha kukomaa. Alipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapigwa mionzi, akarudi na faili na neno moja aliloambiwa: apumzike. Alipumzika kwa chupa ya Sista. Katikati ya Februari mwanawe alipiga simu wodini.

"Shikamoo Sista. Dawa ya mama imebaki vifuniko viwili."

"Marahaba, mwanangu. Nusu kifuniko kila dozi mpaka nikupigie."

Kuna tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017. Ilipiga hesabu ya mofini na dawa za jamii yake zinazogawiwa duniani kwa mwaka ikapata tani 298.5. Nchi zenye kipato cha chini, zote pamoja, ziliambulia tani 0.1. Hiyo ni kilo 100, gunia moja la mahindi. Nimewahi kulisimulia gunia hilo mbele za watu nikaona vichwa vinatikiswa, na mimi mwenyewe nikajiona nimemaliza kazi kwa kulisimulia. Sasa ukweli wa mama wa chapati ni kwamba punje zetu za gunia lile zilikuwapo. Zilikuwa kwenye kabati lenye kufuli mbili, hospitali ya mkoa, kilomita 70 kutoka kitandani pake. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifuata.

Dawa ya aina ile haikabidhiwi kondakta wa basi. Mfamasia alitaka barua ya wilaya na mtu wa kutia sahihi kwenye rejista. Hakukosea. Mwenye kuandika barua alikuwa safarini kikazi, akarudi baada ya siku mbili. Barua ilipopatikana, pikipiki ya idara haikuwa na mafuta. Kijana akauza mbuzi, akakodi bodaboda, mvua ikamlaza njiani. Alifika na chupa siku ya tano. Ile nusu kifuniko ilikuwa imekwisha siku ya kwanza, na usiku wa tatu majirani walihamishia watoto wao kwa shangazi ng'ambo ya mto ili wasisikie. Mama alikunywa dawa siku moja na nusu. Pikipiki ikiwa na tangi lililojaa ingeenda mkoani na kurudi mchana mmoja.

Msibani kijana aliwashukuru wote waliofika, mwenyekiti wa kijiji akiwamo. Nilimtazama nikaelewa kwa nini mstari ule ulikatika kirahisi. Shule isiyo na madawati ina wazazi wa kupiga kelele. Stendi isiyo na choo ina abiria. Anayekufa kwa maumivu hupiga kelele ndani ya nyumba yake siku chache, kisha anazikwa, na wafiwa badala ya kudai wanatoa shukrani. Sijaona diwani aliyenyimwa kura na marehemu.

Nikafukua muhtasari wangu wa zamani, nikaupeleka kwa mganga mkuu mpya. Aliusoma akiwa amesimama. Rasimu ya bajeti ya 2025/26 ilikuwa jikoni, ukomo umeshatoka, na kila shilingi ilikuwa na mwenyewe. Barazani diwani mmoja alisema hata Uingereza hospisi zinachangishwa na raia. Alikuwa sahihi: kule serikali hutoa takriban theluthi ya gharama za hospisi za watu wazima, na zinazobaki hupatikana kwa michango, wosia na maduka ya nguo za mtumba. Ila jirani anayenunua koti la mtumba hazuiwi kwa sahihi ya mtu mmoja. Na kama tunataka kuiga, mbona tusiige Kerala, jimbo la India, ambako mabaraza ya vijiji yenyewe ndiyo yanayogharamia muuguzi wa kuzunguka majumbani? Nilijibiwa kwamba hoja imepokewa. Niliiandika hivyo, imepokewa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Septemba kitabu cha bajeti kilifika masjala. Nilimwita Sista, akaja na sare za wodi ya wazazi. Ukurasa wa idara ya afya, karibu na chini: tiba shufaa, mafuta ya pikipiki. Fedha zilizoidhinishwa zilitosha lita 40 kwa mwezi, sawasawa na zamani. Pembeni nilimwekea taarifa ya utekelezaji. Kwenye mstari uleule, safu ya fedha zilizopokelewa ilikuwa tupu.

Alitoa simu akazipiga picha karatasi zote mbili. Kabla hajairudisha mfukoni ikaita, akatoka nje kwenda kuipokea.