Aliyeokoka Asijisifu

Katika galaksi iitwayo M87, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 55 kutoka kwetu, limo shimo jeusi lenye uzito wa jua letu mara bilioni 6.5. Tumezoea kuambiwa kwamba shimo la aina hiyo humeza kila kilikaribialo. Hata hivyo, mwaka 1918 mwanafalaki wa Marekani, Heber Curtis, aliona mstari mnyoofu wa mwanga ukitoka katikati ya galaksi hiyo. Leo inafahamika kuwa ule ni mkondo wa chembe ndogo mno, zinazokimbia karibu sawa na nuru, nao una urefu wa maelfu ya miaka ya nuru.

Zimeponyokaje? Kwanza, hazikuwahi kuvuka ule ukingo ambao, ukishavukwa, hata nuru hairudi. Nje ya ukingo huo mvutano ungali mkali, na kila chembe inayopanda hutozwa sehemu ya nishati yake. Lakini yenye mwendo wa kutosha haishikiki. Na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo mvutano unavyolegea: huko mbali, umbali ukiwa maradufu, mvutano hubaki robo tu. Na mwendo huo imeupata wapi? Wataalamu wengi hushikilia kwamba nguvu za sumaku, zikisokotwa na mzunguko wa shimo lile lile, ndizo ziirushazo nje.

Hebu fikiri, msomaji, juu ya chembe mbili zilizokuwa jirani katika gesi moja. Moja imemezwa, nyingine imerushwa hadi ikaonekana na walimwengu. Je, hii ya pili ilikuwa bora kuliko mwenzake? La. Ilikuwa mahali nguvu ilipopita.

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nimewaona vijana waliotoka katika ufukara mmoja, wengine wakapanda, wengine wakazama katika ulevi na madeni. Aghalabu waliopanda husema, "Mimi nilijitahidi, wale ni wavivu." Utaniambia kwamba mtu si chembe, ana hiari yake. Ni kweli, na juhudi ni jambo la kuheshimiwa. Lakini juhudi nayo huhitaji pa kukanyagia: shangazi aliyelipa karo, mwalimu aliyeazima kitabu, afya isiyotetereka mwaka wa mtihani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tofauti yetu na chembe naiona mahali pengine. Chembe iliyoponyoka haiwezi kugeuka ikamtazama mwenzake aliyebaki karibu na ukingo, wala kumvuta. Mwanadamu aweza. Basi anayetumia hiari yake kujisifu tu, huku akimwona jirani anateleza, ameitupa ile sifa moja inayomfanya kuwa zaidi ya vumbi lililorushwa mbali.