Lebo na Nia: Peptidi za Utafiti Mbele ya Sheria

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, huhesabu mnyororo wenye zaidi ya asidi 40 kuwa protini. Hata hivyo, kemia peke yake haitoshi kuamua kama kitu ni dawa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 hutazama kilichokusudiwa: kutibu au kuzuia maradhi, au kugeuza utendaji wa mwili. Hapo ndipo linapozuka swali gumu: nia ya muuzaji itajulikanaje?

Wauzaji wengi hujibu kwa lebo. Kichupa cha unga mweupe wa peptidi kama BPC-157 au semaglutide huandikwa kwamba ni cha utafiti tu, si cha kutumiwa na binadamu. Maneno hayo yana asili yake, kwani kanuni za Marekani huruhusu dawa isiyoidhinishwa isafirishwe kwa majaribio ya maabara au ya wanyama ikiwa na onyo la namna hiyo. Lakini kanuni hizohizo humtaka muuzaji ahakikishe kwamba mnunuzi kweli ni mfanya majaribio, na sharti hili ndilo linalopuuzwa. Kichupa huuzwa pamoja na maji ya kuyeyushia unga, na tangazo lake linaahidi kupunguza uzito. Mwaka 2024 FDA iliwaandikia wauzaji kadhaa barua za onyo: lebo haikuwaokoa, maana matangazo yao wenyewe yaliwaumbua.

Wanazuoni wa fiqhi ya Kiislamu wamebishana juu ya hila kama hizi kwa karne nyingi. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa zaidi pwani ya Afrika Mashariki, aliupima mkataba kwa sura yake ya nje. Ibn al-Qayyim wa Damascus, katika karne ya 14, alishikilia kwamba makusudio ndiyo roho ya mkataba. Hoja ya Shafi ni nzito: hakimu hawezi kuingia moyoni mwa mtu, na anayeuzia maabara kwa uaminifu hastahili kuhukumiwa kwa dhana. Lakini tangazo haliko moyoni; liko hadharani, linasomeka. Kwa hiyo hata kwa kigezo cha Shafi, lebo hiyo haisimami.

Mnunuzi naye ajue kwamba hakuna mamlaka iliyothibitisha usafi wa kichupa hicho, kiasi cha dawa kilichomo, wala usalama wa kukidunga mwilini.