Sisi ni Nani Tunaposhinda?

Jumatatu ya tarehe 18 Agosti 2008 nilikuwa kwenye hoteli moja hapa Gilgil, kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru, na chai yangu ilipoa bila kuguswa. Kwenye runinga Pamela Jelimo, msichana wa miaka 18, alikuwa anaongoza fainali ya mita 800 huko Beijing. Alivuka utepe kwa dakika 1 na sekunde 54.87, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Hoteli nzima ilisimama. Dereva wa lori nisiyemjua alinikumbatia. "Tumeshinda, bana! Tumeshinda!" Nami nikamjibu vivyo hivyo.

Neno hilo nimelifikiria miaka mingi, hasa kile kipande chake cha kwanza: tu-. Mkimbiaji akishinda, tumeshinda. Akipatikana na dawa zilizopigwa marufuku, amepatikana yeye.

Wako wanaosema medali ni ya mkimbiaji peke yake. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kwenye baridi, sisi ni wadandiaji tu. Mimi nikikimbilia matatu pale stegi nakosa pumzi, kwa hivyo ningepaswa kukubali. Lakini sikubali. Mtoto wa jirani akifaulu mtihani, mtaa mzima hula chapati na hakuna anayeuliza ni nani aliyefanya hesabu. Furaha ya mwenzio kuwa yako ni jambo jema. Shida yangu iko kwingine. Miezi saba kabla ya alasiri ile, hapa hapa, "sisi" ilikuwa na maana nyingine.

Mnakumbuka. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakazua ubishi, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Gilgil iko katikati ya Naivasha na Nakuru, na mwishoni mwa Januari miji yote miwili iliwaka. Barabarani kulikuwa na mawe na vijana, na neno lilikuwa moja tu: "Kitambulisho." Hawakutaka kujua umri wako. Walisoma jina, na jina lilitosha.

Hata waliotukimbilia hawakusalimika. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, aliuawa karibu na Eldoret siku zile. Wesley Ngetich, mwanamarathoni, aliuawa kwa mshale Trans Mara. Luke Kibet alikuwa ameshinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Osaka Agosti 2007, na bila shaka tulisema tumeshinda. Mwaka haukuwa umegeuka vizuri alipopigwa jiwe la kichwa Eldoret.

Sasa niseme langu. Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi mzee mmoja fundi wa viatu, na mkewe. Tuliazimana makaa na chumvi zaidi ya miaka kumi. Jina lake lilikuwa la upande ambao mtaa wetu haukuutaka tena. Asubuhi moja ya Januari alibisha hodi. "Jirani, nisaidie kubeba godoro hadi kwa pikapu." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilimsikia akipumua. Sikufungua. Nilijiambia nawalinda watoto, na huenda ni kweli, lakini pia niliogopa kuonekana naye. Alilibeba godoro na mkewe. Nilichungulia dirishani: hakuna mtu mtaani aliyeshika hata pembe moja.

Ndiyo maana najiuliza: kama Jelimo angeshuka kwenye matatu hapa Gilgil wiki ile ya mwisho ya Januari, akiwa na miguu ile ile iliyotupa dhahabu, na kitambulisho mkononi, tungemfanyaje? Jibu ninalo na silipendi. Siku sita baada ya Jelimo, alfajiri ya Jumapili kwa saa zetu, Samuel Wanjiru wa Nyahururu, mji unaoufikia kwa barabara hii yetu ya Ol Kalou, akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Jina lake nalo lingemponza kwenye vizuizi vya upande wa Eldoret. Beijing wote wawili walipigiwa wimbo mmoja wa taifa. Nyumbani kila mmoja alikuwa na barabara asiyoweza kupita.

Kuna watakaosema ni michezo iliyotuponya mwaka ule. Sibishi sana. Kati ya waliokuwa wakipiga kelele "msichana wetu!" pale hotelini kulikuwa na kijana niliyemwona kwenye mawe mwezi wa Januari. Ulikuwa unafiki au toba? Sikujua, na sikuwa na haki ya kumuuliza, maana nami niliyefunga mlango nilikuwa nashangilia. Pengine ndivyo tulivyoomba msamaha bila kulitaja kosa. Lakini msamaha wa namna hiyo haumfikii aliyekosewa. Jelimo hakutudai chochote. Aliyetudai alikuwa amebeba godoro.

Kumpenda mtu aliye kwenye runinga ni rahisi, kwa sababu haombi, anatoa tu. Jirani huomba. Huomba makaa, huomba chumvi, siku nyingine huomba ufungue mlango wakati kuufungua kuna hatari. Kwa hiyo siamini kwamba "tumeshinda" ni uongo. Naona ni ahadi. Nikimwita mkimbiaji "wetu", nimeahidi kwamba mama yake, ndugu yake na kila mwenye jina kama lake ni wetu pia, hata siku ambayo hakuna mbio. Asiyekuwa tayari kwa hilo afadhali apige makofi tu, aseme "ameshinda".

Usiku wa tarehe 10 Agosti 2024, Emmanuel Wanyonyi na Faith Kipyegon walipata dhahabu Paris, mmoja baada ya mwingine. Nilitoka nje nikampigia simu yule mzee. Anaishi mbali sasa, hakurudi tena Gilgil. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Kisha nikamwambia kwamba asubuhi ile nilikuwepo nyuma ya mlango.

Alinyamaza kidogo. "Nilijua, jirani," akasema. "Niliona pazia likicheza."

Halafu akaniuliza kama huku kumenyesha. Nikamwambia bado, tunangoja.