Mgeni Huacha Kuwa Mgeni Lini?

Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi hulitaja neno hili ili kumcheka mgeni mvivu, wala hatuwazuii. Lakini lina upande wa pili usiosemwa sana. Yule aliyepewa jembe akalima pamoja na wenyeji, hesabu yake ni ipi? Akiwa amelima miaka arobaini, akazaa hapo, akazika hapo, je, angali mgeni? Na mwanawe aliyezaliwa hapo, ambaye hakutoka po pote, yeye ni mgeni wa nani? Swali hili limezisumbua nchi nyingi za Ulaya. Twataka kulitazama kwa habari ya nchi moja, Uingereza, maana sisi nasi tulikuwa chini ya bendera yake.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilipungukiwa na watu wa kazi. Tarehe 22 Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilifika Tilbury, karibu na London, imechukua mamia ya watu wa visiwa vya Karibi, wengi wao wa Jamaika. Hawakuingia kwa kunyemelea. Walikuwa raia wa mfalme yule yule, na sheria ya uraia ya mwaka ule ule ikathibitisha haki yao. Zaidi ya 200 wasiokuwa na pa kulala walipewa vitanda katika handaki la Clapham, lililochimbwa wakati wa vita ili watu wajifiche na mabomu. Na kwa kuwa ofisi ya kutafutia kazi iliyo karibu ilikuwa Brixton, wengi wakafanya maskani huko. Mwaka 1956 shirika la mabasi na reli za London lilianza kuandika wafanyakazi huko huko Barbados. Basi jembe walipewa, tena siku ya kwanza, wala si ya tatu. Kilichokuwa kigumu ni chumba. Wenye nyumba waliweza kumwambia mtu mlangoni kwamba mweusi hapangishwi, na sheria ya kuwakataza wasifanye hivyo haikupatikana mpaka mwaka 1968.

Watu hawa kwa sehemu kubwa walivumilia. Je, ni kwa sababu hawakuona uchungu? Sivyo. Twadhani ni kwa sababu baba aliyehama huwa na mizani yake mwenyewe: hupima mshahara wake kwa umaskini aliouacha kwao, na kila juma hutuma fedha kwa mama yake, akaridhika kidogo. Mtoto wake hana mizani hiyo. Jamaika kwake ni hadithi tu. Yeye hupima maisha yake kwa mtoto wa jirani aliyeketi naye darasani, aliyesoma kitabu kile kile. Na akiona mwenzake amepata kazi naye ameachwa, hawezi kutulizwa kwa kuambiwa kwamba babu yake alikuwa maskini zaidi. Kwa hiyo ghasia hazikuja na meli. Zilikuja baada ya miaka thelathini na zaidi, na wengi wa waliozifanya walikuwa vijana waliokulia Uingereza.

Kwa miaka mingi polisi walitumia sheria ya mwaka 1824, iliyotungwa kwa ajili ya wazururaji, kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kwamba anakusudia uhalifu. Aprili 1981 askari wasiovaa sare walitawanywa Brixton, na kwa siku chache wakawasimamisha watu 943 njiani. Waliokamatwa ni 118. Wale wengine, zaidi ya 800, waliachwa waende zao wakiwa na aibu ya kupapaswa mbele ya watu. Tarehe 10 hata 12 za mwezi ule Brixton ikawaka: askari zaidi ya 270 waliumia, na nyumba 28 zikateketea. Mwezi wa Julai ikawa zamu ya Toxteth katika Liverpool, Moss Side katika Manchester, na Handsworth katika Birmingham.

Je, kuchoma moto kulikuwa haki? Sisi hatusemi hivyo. Mwenye duka aliyeunguliwa hakumsimamisha mtu yeyote njiani, na askari aliyepigwa jiwe ana mama. Jaji Lord Scarman, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alisema kwamba fujo zile hazina udhuru; lakini alisema pia kwamba haziwezi kueleweka pasipo kutazama ukosefu wa kazi, nyumba mbovu, na jinsi polisi walivyowatendea watu weusi. Maneno hayo mawili wengi hushindwa kuyashika kwa pamoja. Hushika moja, la pili likawaponyoka. Mwaka ule ule sheria ile ya kushuku ilifutwa, na ni ajabu kwamba ilingoja moto.

Wako wasemao, Kama hawaridhiki, warudi kwao. Neno hili kwa baba lina ukali, kwa mtoto halina hata maana, kwa kuwa kwao ndiko hapo aliposimama. Hata hivyo limetendwa. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba wazee walioletwa Uingereza wakiwa watoto, kabla ya mwaka 1973, walikuwa wameambiwa waonyeshe hati ambazo hawakupewa kamwe. Kadi za kushukia melini zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Wengine walifukuzwa kazi, wengine wakanyimwa matibabu, na wengine wakatolewa nchini. Waziri Mkuu aliomba radhi, na waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu.

Wala tusiwanyoshee Waingereza kidole upesi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, nao wengi walizaliwa Kampala na Jinja. Ukweli ni kwamba biashara nyingi zilikuwa mikononi mwao, na wenyeji walikuwa na manung'uniko ya haki; lakini mtoto wa miaka kumi alikuwa amemdhulumu nani? Wako Waafrika wa Mashariki walioshangilia. Huko Uingereza nako halmashauri ya mji wa Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasiende kwake. Wakaenda. Watoto wao na wajukuu wao wako huko hata leo, nao wakiulizwa watoka wapi hujibu, Leicester. Na muulizaji husema, Naam, lakini hasa ni wapi?