Mwenye Shamba Kubwa na Jirani Yake

Liko swali ambalo raia mwema hana budi kujiuliza: je, ni haki mali ya umma itumike kumsaidia mtu binafsi akuze shamba lake la biashara? Maana barabara ifikayo langoni pa shamba, nguzo za umeme, msamaha wa kodi na mkopo wa masharti nafuu, vyote vina gharama. Na gharama hiyo hulipwa na watu wote, pamoja na mama auzaye mchicha Kwa Mrombo, ambaye pengine hana shamba hata la hatua kumi.

Wako wajibuo upesi kwamba si haki. Hofu yao ina msingi, kwani nchi ya Meru haijasahau. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili walowezi wa Kizungu wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Tangu siku zile, mtu wa Meru aambiwapo kwamba ardhi yake itazaa zaidi mikononi mwa mwingine, huuliza kwanza: itazaa kwa faida ya nani?

Lakini hofu peke yake haijazi ghala. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na mwaka 1973 ikafuata mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro. Mkonge, uliofikia tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, ulishuka hata chini ya tani 40,000 katika miaka ya mwisho ya 1980. Haki yatudai tuseme kwamba nyuzi za viwandani ziliangusha bei duniani. Lakini usimamizi mbaya nao ulikuwa na sehemu yake. Basi tumejifunza kwamba shamba kuitwa la umma si dhamana kwamba umma utashiba.

Tena ziko kazi ambazo mkulima wa nusu eka hawezi kuzifanya peke yake. Maharage machanga yakivunwa leo yataka chumba cha baridi leo hii, cheti cha usafi, na nafasi katika ndege. Mwenye mtaji aweza kuvipata, na majirani wakapitishia humo mazao yao. Ndiyo maana chama cha wakulima wa maua, mboga na matunda, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004, kina makao yake Arusha. Kumsaidia mtu wa namna hii si dhambi. Ila msaada utokao katika fungu la wote si zawadi; ni amana, na amana ina hesabu zake.

Hesabu ya kwanza ni ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji ikihamishwa kwa manufaa ya umma, mkutano wa kijiji waweza kukubali au kukataa endapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Tazama ajabu hii: kadiri hasara ya wanakijiji iwezavyo kuwa kubwa, ndivyo sauti yao ipunguavyo nguvu. Mwekezaji mwungwana hatajificha nyuma ya kifungu hicho. Atatafuta ridhaa ya kijiji hata pale sheria isipomlazimisha.

Hesabu ya pili ni ya maji. Mto Nduruma washuka kutoka Mlima Meru ukinywesha mifereji ya wakulima wadogo, kisha mashamba ya maua, kisha watu wa tambarare ambao huyapata maji mwisho. Kibali chenye mhuri ni kitu halali. Lakini desturi ya zamu ya mfereji ina umri kuliko mhuri wowote. Akaushaye mfereji wa jirani kwa kibali mkononi hajavunja sheria labda, lakini amevunja ujirani.

Hesabu ya tatu ni ya mkataba. Mnunuzi huweka bei na daraja la mazao. Mkulima huweka jasho na mbegu aliyokopeshwa. Soko la Ulaya likianguka, kama ilivyotokea mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa, hasara yaangukia nani? Mkataba ambao faida yake hugawanywa lakini hasara humwelemea mnyonge peke yake si ushirikiano. Ni ukibarua uliovishwa kanzu.

Basi jibu letu ni hili: ni haki kumsaidia, lakini kwa sharti. Apewaye cha wote atoe hesabu kwa wote, mbele ya mkutano wa kijiji, hadharani. Asiyependa kuulizwa, na alime kwa fedha yake mwenyewe. Na hata hivyo, maji ya jirani yabaki kuwa ya jirani.